Boksi la Mama Doto

Siku hiyo Moza aliamka na furaha ya kumfanya mtu asalimie hata kufuli. Alifungua stoo, akafagia mahali alipokwisha kupafagia jana jioni, kisha akarudi kinyumenyume hadi katikati ya Mtaa wa Narung'ombe ili alitazame bango lake vizuri. Msukuma mkokoteni nusura ampitie.

"We dada, unasoma bango au umechoka kuishi?"

Moza akacheka tu. Nani angeweza kumuudhi siku kama ile? Bango lilisema TUA MZIGO, SHIKA MTOTO, na chini yake, kwa rangi nyekundu iliyokuwa bado inanata, yalikuwa yameongezwa maneno mapya: Tunakufikishia Stesheni, Bandarini na Stendi.

Mtu asiyewahi kuzunguka Kariakoo na watoto wadogo na mabegi ataona hilo ni jambo dogo. Akawaulize wanawake. Unateremka kwenye basi la mkoani alfajiri, safari yako nyingine ni jioni, na hapo katikati una manunuzi. Begi kichwani, mtoto mgongoni, mwingine anavuta dera analia anataka maji, na mwenye duka anakuzuia mlangoni usije ukamwangushia vyombo. Moza aliuza vitenge mtaa huo kwa miaka, akawaona kina mama hao wakipita wamekunja nyuso, mpaka akachoka kuwaonea huruma bila kufanya lolote. Akamfuata shoga yake Amna, binti wa Mzee Suud mwenye duka la vitambaa, wakatoa takataka zote zilizolala kwenye stoo ya nyuma ya duka, wakaweka rafu za mizigo, mikeka ya kulalia watoto, beseni la kuogeshea na jiko la uji. Mwanzoni wateja walikuwa wanaacha mizigo na kuifuata wenyewe. Leo ndiyo mara ya kwanza mizigo ingewafuata wao. Bakili, dereva wa bajaji waliyekubaliana naye, alikuwa ameiosha bajaji yake mpaka imependeza kuliko yeye mwenyewe.

"Hodi hapa! Ndo mnapotua mizigo?"

Sauti ilitangulia, mwenyewe akafuata: mwanamke mfupi, mnene, mwenye uso wa duara. Alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Masasi, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. Kichwani alikuwa na begi, mkononi mfuko wa shangazi kaja, ule mkubwa wa miraba, na ubavuni amempakata mtoto wa kike wa miaka mitatu. Pacha wa mtoto huyo, mwenye sura ileile na gauni lilelile, hakusubiri kukaribishwa. Alikuwa ameshapanda kwenye bajaji ya Bakili na anapiga honi.

"Karibu dada'angu, karibu sana! Tua mzigo huo," Moza alisema, akimpokea begi. "Mama nani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lao la kwanza kwa kila mteja. Amna alilisimamia tangu walipoanza. Mwanamke mwenye watoto, alisema, huwezi kumwita jina lake hivihivi na wala humjui, huko ni kukosa adabu. Kwa hiyo kila mzigo ulifungwa kipande cha kitambaa kilichoandikwa kwa kalamu nene: Mama Fulani, na mahali mzigo unapokwenda. Moza aliona ni sawa kabisa. Hata jirani yake wa ukuta mmoja kule Buguruni hakuwa anamjua jina.

Yule mwanamke akamtazama mtoto aliyekuwa naye ubavuni. "Mama Kulwa," akasema.

Moza akaandika vitambaa viwili, akafunga kimoja kwenye begi na kingine kwenye shangazi kaja, kisha akaingiza namba ya mteja kwenye simu yake. Watoto wakaogeshwa, wakanywa uji, mmoja akaumwaga na mwingine akalia kwa niaba ya uji uliomwagika. Mama yao alikuwa hawezi kukaa. Anakaa, anasimama, anachungulia nje, anacheka peke yake.

"Una furaha wewe," Moza alisema.

"Dada, kesho naolewa!"

"Weee!"

"Haki ya Mungu. Kesho asubuhi, Dodoma, kanisani. Miaka minne tunapanga! Mara mimba, mara mapacha, mara Zakayo wangu akahamishiwa Dodoma kikazi. Nimebaki Masasi naambiwa wewe bwana'ako kakukimbia. Kesho padri anatufungisha, na hao waliosema wanakuja, nimewaalika wote." Akashusha sauti. "Shela langu nimeshonewa hapa hapa, kwa fundi Mtaa wa Aggrey. Nalifuata sasa hivi. Mimi na ufupi huu na unene huu, shela la kukodi likinitosha kifuani, chini linafagia kanisa zima. Hili la kwangu, dada. Limekatwa kwa ajili yangu."

Moza alipiga kigelegele ambacho kilimtoa Mzee Suud dukani kuuliza nani kajifungua. Wakapanga pale pale. Mama Kulwa angelifuata shela lake, angenunua viatu vya watoto, na jioni angetangulia stesheni na wanawe bila kubeba hata mfuko wa plastiki, mikono mitupu, kwa raha zake. Mizigo yake ingeletwa na Bakili hadi mlangoni pa stesheni kabla ya treni ya jioni. Treni inayofuata ingemfikisha Dodoma watu wameshatoka kanisani, wameshakula, na wameshamsema.

Akaondoka na yule pacha mpiga honi. Kulwa akabaki amelala kwenye mkeka.

Yaliyofuata Moza hakuyaona, maana adhana ya adhuhuri ilikuwa imeita naye yuko msikitini. Alihadithiwa baadaye, tena kwa kelele. Mama Kulwa alirudi kutoka kwa fundi na boksi kubwa jeupe. Mlangoni akamkuta Amna, ambaye asubuhi hakuwepo, na ambaye wakati huo alikuwa anampimia mteja kitambaa huku simu imebanwa begani.

"Dada, naomba mniwekee na hili. Jioni linaenda stesheni."

"Weka hapo mpenzi. Mama nani?"

Mwanamke akamtazama mtoto aliyemshika mkono. "Mama Doto."

"Namba ya simu?"

"Namba zangu mnazo."

Amna akaandika kitambaa, Mama Doto, Stesheni, akalifunga boksi vizuri na kulipandisha rafu ya juu kabisa ili lisichafuke. Mwanamke akashukuru, akaenda kutafuta viatu.

Msomaji, najua wewe umeshashtuka. Nchi hii, penye Kulwa hapakosi Doto, mtoto wa chekechea anajua. Lakini Moza alirudi kutoka msikitini akakuta foleni: kina mama watatu wa boti ya Zanzibar, mtoto aliyemeza kitufe, na bibi mmoja aliyetaka kumwachia kuku. Alipokuja Mama Kulwa kumchukua mwanawe aliyelala, walizungumza kwa haraka juu ya vichwa vya watu.

"Vitu vyangu vyote mnavyo eeh?"

"Vyote, dada'angu! Nenda kapunge upepo. Vitakukuta."

Na alisema kweli, kwa jinsi yeye alivyojua. Bakili akapakia begi na shangazi kaja, akaondoka anapiga mluzi, akarudi kifua mbele.

"Mzigo wa Mama Kulwa umefika, bosi! Nimemkabidhi mkononi. Yule pacha mtundu kanichomoka, anataka kupanda zile ngazi za umeme, mama'ake kamkimbilia huku anavuta begi. Wakaingia ndani. Kazi safi."

Moza alitaka kuruka. Mzigo wao wa kwanza, umefika! Akamkumbatia Amna, akamkumbatia na yule bibi wa kuku. Akiwa bado anacheka ndipo macho yake yalipotua kwenye rafu ya juu.

"Amna, lile boksi la nani?"

"La Mama Doto. Linaenda stesheni."

"Lini? Mbona sasa hivi jioni?"

"Alisema jioni. Namba zake tunazo, mpigie."

Moza akatafuta kwenye simu. Kulikuwa na Mama Shaima, Mama Beno, Mama Clotilda, mama wa kila mtu, isipokuwa Doto. Akaanza kukasirika. Wateja wengine jamani, unaacha mzigo hata namba huachi, halafu ukichelewa unakuja kufoka. Simu ikamlilia mkononi. Mama Kulwa.

"Dada, shela langu liko wapi?"

"Shela? Si umeshapata mizigo yako?"

"Nimepata begi na shangazi kaja! Boksi, dada, boksi jeupe! Nimeshaingia ndani, nimekaa, nahesabu vitu, boksi hakuna!"

"Mama Kulwa, mbona hukutuachia boksi? Hapa kuna boksi moja tu, nalo la Mama Doto."

Sauti ikatoka simuni kwa nguvu hadi Amna akaisikia kutoka upande wa pili wa chumba:

"Si ndo mimi!"

"Wewe si Mama Kulwa?"

"Dada, mimi nimezaa mapacha! Nikimshika Kulwa mimi Mama Kulwa, nikimshika Doto mimi Mama Doto. Nikimtaja mmoja mwingine yupo, analia mpaka anatapika!"

Moza akalishusha lile boksi. Alitazama kile kitambaa kwenye boksi, mwandiko mzuri wa Amna, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakisoma kwa akili. Doto. Siku nzima alimwogesha Doto, akamnywesha uji Doto, akamfukuza Doto kwenye honi, na hakuwahi kumwita zaidi ya "we mtundu".

"Usisogee hapo," alimwambia. "Nakuja nalo."

Bakili aliwasha bajaji kabla hajaambiwa. Wakatoka Narung'ombe kwa kasi ya kuwatoa wauza matunda roho, Moza nyuma amelikumbatia boksi kifuani, moyo unamdunda hadi anausikia kwenye kadibodi. Alikuwa anaogopa, hilo halina ubishi. Lakini ndani ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine kinachochemka, maana kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amebeba siku nzima ya mtu mwingine mapajani. Walipofika Lumumba magari yalikuwa yamesimama, hakuna linalosogea. Mnazi Mmoja kulikuwa na mkutano wa kwaya, watu wamefurika hadi barabarani.

"Da Moza, hapa hatutoki leo," Bakili alisema.

"Basi natoka mimi."

Akaruka chini, akajitwika boksi kichwani, akaanza kukimbia kukatiza uwanja.

"Pisha! Pisha mzigo!" alipaza sauti, vile wapagazi wa Kariakoo wanavyofanya. Hakuna aliyempisha. Mji huu watu wanaambiwa wapishe mzigo tangu wanazaliwa, wameshazoea. Mwanamume mmoja hata alimgeukia akamwambia mzigo wake azunguke nao huko nje.

"Ni shela!" Moza akalia. "Bibi harusi anaachwa na treni! Nipisheni na shela la watu!"

Aisee. Kile kichaka cha watu kikapasuka katikati. "Pisheni shela!" akasema mama mmoja wa kwaya, naye akaanza kukimbia mbele yake akisukuma watu kwa mikono miwili. "Shela hilo! Shela linapita!" Vigelegele vikadakwa kutoka kona hadi kona, wauza karanga wakawa wanapaza sauti bila kujua ni harusi ya nani, na mtu aliyeshika kipaza sauti jukwaani akatangaza kwamba bibi harusi asiachwe, jamani, apishwe. Moza alikimbia huku anacheka na machozi yanamtoka. Akaupita uwanja, akauvuka Mtaa wa Nkrumah bila kutazama kulia wala kushoto, jambo ambalo simshauri mtu, akafika stesheni hana pumzi hata ya kutoa salamu.

Getini alisimama mlinzi mrefu, mkavu, mwenye jina Leodegar kifuani.

"Tiketi," alisema.

"Sina... sisafiri... huu ni mzigo wa abiria... yumo ndani..."

"Mashine ya kukagulia mizigo imeshafungwa, dada. Abiria mwenye tiketi anaingia mpaka geti lifungwe. Mzigo hauingii tena."

"Ni nguo tu, kaka'angu! Fungua uone!"

"Nikiona au nisipoona, bado ni mzigo. Mzigo haujapita mashineni, hauingii. Sheria si yangu."

Moza akaomba. Akaapa. Akamtaja mama yake aliyemzaa, mama wa Moza na mama wa Leodegar. Mlinzi alikuwa anamsikiliza kwa huruma kabisa, lakini mkono wake haukutoka kwenye geti. Ndipo kutoka ndani akatokea Mama Kulwa, au Mama Doto, vyovyote utakavyomwita, anakimbia na mapacha wake, mmoja kila mkono, mizigo kaiacha kwenye behewa. Aliliona boksi, akapiga ukelele wa furaha. Alipoambiwa habari ya mashine, uso wake ukaporomoka.

"Treni ninayo hii tu," alisema. Sasa alikuwa anazungumza polepole. "Kaka Leodegar, jina lako tu linaniambia umebatizwa kwetu Kusini. Utamwacha dada'ako asimame madhabahuni na gauni la basi? Watu wote wale niliowaalika?"

Leodegar akatazama viatu vyake. Akatazama saa ya ukutani. Spika zikatangaza kwamba treni ya Dodoma inakaribia kuondoka, abiria wote wapande. Akakohoa.

"Mimi nimewekwa hapa kuzuia mizigo," alisema, akiiambia hewa. "Nguo iliyoko mwilini mwa abiria sijawahi kuizuia. Mwilini siyo mzigo."

Wanawake wawili wakatazamana kwa muda mfupi sana.

"Vaa!" Moza akasema.

Boksi lilichanwa, halikufunguliwa. Shela lilitoka jeupe hadi likawaumiza macho, wakalishusha juu ya lile gauni la safari pale pale getini, mbele ya wachuuzi na madereva taksi. Zipu ikapanda hadi nusu ikagoma, kwa sababu ya gauni la ndani. Moza akachomoa pini za mtandio wake mwenyewe, moja baada ya nyingine, akaubana mgongo wote hadi juu. Kitambaa cha kichwani kikakaa. Fundi wa Aggrey hakuwa mtu wa mchezo. Lilimkaa kila mahali lilipotakiwa kumkaa, na chini liliishia pale pale viatu vyake vilipoanzia. Mtu akapiga kigelegele. Dereva taksi mmoja akavua kofia.

Bibi harusi akainama kuwashika wanawe. Kulwa akampa mkono kwa aibu, kama mtoto anayepelekwa kwa mgeni. Doto hakutoa mkono. Alirudi nyuma hatua, akamtazama kuanzia chini hadi juu, amekunja uso.

"Wewe mama nani?" akamuuliza.

Moza alitegemea jibu. Siku nzima alikuwa amelisikia, tena mara mbili tofauti. Lakini yule mwanamke alisimama, akajinyoosha ndani ya shela lake.

"Leo? Leo mimi Klara."

Alilisema kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kisha akacheka kicheko kikubwa, akamnyanyua Doto kwapani, akamvuta Kulwa, akatoa tiketi yake. Leodegar akaipokea kwa mikono miwili.

Geti likafungwa nyuma yao. Moza akashika nondo, mtandio umemwangukia mabegani, boksi lililochanika liko miguuni pake. Wale watatu walikuwa wanakimbilia ngazi za umeme, na abiria waliochelewa walikuwa wanajibana pembeni kulipisha shela. Furaha ilimjaa hadi ikabidi aitoe.

"Klara!" akaita kwa sauti yake yote, mtu aliyemfahamu jina kwa dakika moja tu. "Klara we! Nenda kaolewe, Klara!"

Na Klara akageuka, akampungia mkono mpaka ngazi zikamficha.